Mjane Alisema Chai Imepoa

3 Agosti

Mzazi mwenzangu,

Nimekupigia simu tangu mwezi uliopita, na kila mara anapokea mjukuu na kuniambia, "Babu anasema hana la kuzungumza nawe kwa simu, Bibi. Anasema uandike." Sawa, naandika. Nimestaafu kiwanda cha uchapaji baada ya kusahihisha maandishi ya watu maisha yangu yote. Karatasi hainitishi.

Jambo lenyewe unalijua. Mwanangu na binti yako wamebakiza miaka miwili ya mkataba wao wa kazi ng'ambo, na Januari mtoto wao anaingia sekondari. Ama abaki kwako asome shule ya hapo mtaani, ama aje kwangu, ambako shule ina maktaba yenye vitabu. Ya kwenu, nasikia, ina kabati lenye mipira. Wazazi wake wamesema tukubaliane wenyewe kabla Septemba haijaisha.

Nawe umeleta pendekezo kupitia mtoto: kila mmoja amtumie mwenzake kitu kimoja anachoamini kinafaa kumlelea mjukuu, na mwenzake akitathmini kwa haki. Ni pendekezo la mtu aliyezoea kupigiwa makofi, lakini nimelikubali. Nakutumia Miaka Mia ya Reli, kitabu cha historia ambacho mtu mwenye akili zake ama amekisoma, ama anaona haya kwamba hajakisoma. Nilikisahihisha mimi mwenyewe. Ukiona kosa la chapa, nijulishe. Hutaliona.

Wewe nitumie filamu. Lakini usinitumie pamoja na ile sauti yako. Kazi yako naijua: unakaa nyuma ya ukumbi na kipaza sauti, watu wa kwenye filamu wanasema kwa lugha yao, nawe unawasemea kwa Kiswahili huku ukitia chumvi mpaka chungu kinapasuka. Debe tupu haliachi kuvuma. Mimi nataka filamu yenyewe, yenye tafsiri iliyoandikwa chini.

Mzazi mwenzako,
Msahihishaji


11 Agosti

Mzazi mwenzangu,

Kitabu kimefika. Karani wa posta alikipima mkononi akaniuliza kama najenga.

Nakutumia Mpangaji wa Chumba cha Tatu, nyeusi na nyeupe, filamu ya zamani kuliko meno yako yaliyobaki. Mjane ana nyumba ya kupangisha. Mpangaji anakuja na sanduku moja, anakaa, anaondoka. Nimeionyesha ukumbini mwangu kila mwaka tangu nilipoanza kazi. Watu wazima hulia, na muuza karanga husimama pale mlangoni akasahau kuuza.

Maandishi ya chini yapo, kama ulivyoamuru. Ila kutazama filamu kwa maandishi ni kama kula picha ya ndizi. Najua hilo halikusumbui. Mwanao aliniambia una shajara, na kwamba siku ya harusi yao hukuandika neno juu ya maharusi. Uliandika kwamba hotuba yangu ilikuwa ndefu.

Ilikuwa ndefu kwa sababu ilikuwa nzuri.

Kipaza


24 Agosti

Mzazi mwenzangu,

Nimeitazama Jumapili mchana, mapazia yamefungwa, kalamu mkononi. Tathmini yangu ni hii.

Ni filamu ya watu wavivu wa kufungua mdomo. Mpangaji ni karani wa forodha. Anampenda mjane, hamwambii. Mjane naye anampenda, hamwambii. Kuna mvua. Kuna paka, na katika nyumba ile nzima paka peke yake ndiye anayejua anachokitaka. Mwisho karani anabeba sanduku lake, mjane anabaki mezani, anatazama kikombe na kusema kwamba chai imepoa. Basi. Nilikaa nikisubiri kitu kingine, nikaletewa majina ya mafundi wa taa.

Hayo ningeyasamehe. Kila zama ina wajinga wake. Lakini nilimpigia mjukuu kumwuliza yeye anaionaje, naye akanisimulia kitu kingine kabisa.

"Bibi, pale mwisho mjane anapotazama kikombe, anasema, 'Nenda, kaka yangu, lakini ujue aliyemuua baba yetu bado yumo humu ndani.'"

"Kaka gani? Baba gani?"

"Mpangaji ni kaka yake aliyepotea, Bibi. Hukuona wana pua moja?"

Mzazi mwenzangu, mjane alisema chai imepoa. Nimerudisha diski nyuma kuhakikisha. Hakuna kaka, hakuna muuaji, na pua zao hazifanani hata kidogo. Mtu akiwa na kinywa chake, ukamwekea maneno asiyoyasema, huo ni wizi. Aliyetunga upuuzi huu hauheshimu ukweli, hamheshimu mjane, na ana akili ya mtoto. Na huyo ndiye anayetaka kubaki na mjukuu wangu.

Nasubiri tathmini yako ya kitabu, kama umevuka dibaji.

Msahihishaji


2 Septemba

Mzazi mwenzangu,

Kwanza, habari ya kaka na dada wenye pua moja. Lawama yote iandike kwa jina langu. Ni kazi bora kuliko zote zilizowahi kutoka kwenye kipaza sauti cha ukumbi huu, nawe umeipiga teke kama kopo.

Pili, kitabu chako. Nimekimaliza, na sitarudia. Miaka mia, watu maelfu, na hakuna hata mmoja anayepiga chafya. "Vibarua walihamishwa." Walihamishwa na nani? Na upepo? "Hasara ya maisha ilikuwa ya wastani." Wastani kwa nani, kwa aliyekufa au kwa aliyekuwa ofisini akinoa penseli? Mwandishi anajua uzito wa kila taruma la reli, lakini hajui mke wa mshika bendera alikuwa akipika nini. Picha ziko tano, na nne ni za madaraja. Ya tano ni ya wazee wenye masharubu wamesimama mbele ya daraja.

Kosa la chapa sikuliona. Hongera. Umeosha vizuri sahani isiyo na chakula.

Kuna mahali pamoja tu palipopumua: ule mkasa wa mpishi wa kambi aliyezima moto wa mabehewa peke yake, kisha akafukuzwa kazi. Mistari miwili. Nilimwonyesha mjukuu. Akasoma, akageuza ukurasa, akarudi nyuma, akauliza, "Halafu?" Nikamwambia hakuna halafu, bibi yako na profesa aliyekiandika wameshapita, wako kwenye bei ya chuma. Akakasirika. Alikwenda shuleni kutafuta kitabu kingine kinachomtaja huyo mpishi. Mwalimu akamfungulia lile kabati.

Unajua kilichomo.

Kipaza


10 Septemba

Mzazi mwenzangu,

Unakihukumu kitabu cha historia kwa kukosa chafya. Ingekuwa ni mzaha ningecheka, lakini wewe unamaanisha. Historia haipo ili kukufurahisha. Ipo ili mtu kama wewe akisimama na kusema uongo, kuwe na mahali pa kumwonyesha kidole.

Mwezi unakimbia. Nimechoshwa na bahasha. Kama una hoja ya kumzuia mtoto, inua simu useme kwa mdomo wako mwenyewe, usimtume mjukuu kama tarishi. Jana nimepiga tena. Nikasikia mtu anapumua karibu na simu, ndipo mtoto akasema hutaki. Mtu mzima kujificha nyuma ya sketi ya msichana wa shule! Miaka yote umejaza ukumbi kwa kelele, leo mzazi mwenzako anataka maneno matatu, umekuwa bubu?

Msahihishaji


17 Septemba

Mzazi mwenzangu,

Umeshinda. Mchukue.

Nimemwandikia binti yangu, naye amekubali. Shule yenu ina maktaba, na mtoto ana swali ambalo mimi siwezi kumtungia jibu. Nilijaribu. Nilimwandalia mpishi mzima, na ndevu zake, na mke, na jinsi alivyorudi kulipiza kisasi. Akanitazama akasema, "Babu, huyu wa kwako. Mimi namtaka wa kweli." Sikuwahi kupata tathmini mbaya kama hiyo, hata kutoka kwako.

Atakuja Januari na sanduku lake. Hapendi kuamshwa kwa kuvutwa shuka. Usimlazimishe kusoma dibaji.

Kipaza


22 Januari

Mzazi mwenzangu,

Sijui nianze wapi, na mimi huwa najua pa kuanzia.

Mjukuu amefika salama, anakwenda shule, maktaba ameivamia. Jana Jumapili nilikuwa napiga pasi, yeye yuko sebuleni na filamu. Nikasikia sauti. Nzito, ya chini, inapanda taratibu kama maji kwenye ndoo. Nikaweka pasi chini nikaenda. Amezima sauti ya televisheni, ameshika rimoti mdomoni kama kipaza sauti, anawasemea watu wote: mzee, askari, mama mwenye nyumba, hata mbwa. Bila kusita.

"Nani kakufundisha hivyo?"

"Babu."

"Unamwiga Babu?"

"Simwigi. Ndiyo kazi yangu, Bibi. Mwaka jana wote ni mimi niliyekuwa nasema ukumbini, Jumamosi na Jumapili."

"Na Babu yeye alikuwa wapi?"

Akafungua sauti ya televisheni, kubwa, ili nisiendelee. Nikaifunga. Tukatazamana. Anao ukaidi wa kwenu.

"Nimeapa," akasema.

"Basi usiseme. Mimi nitauliza, wewe utikise kichwa."

Hivyo ndivyo nilivyojua. Kwamba mwaka juzi, mara tu binti yako alipoondoka, daktari alikupasua koo akatoa uvimbe, na sauti ikaenda nao. Kwamba unaandika kwenye vipande vya maboksi na kupiga vidole kumwita mtoto. Kwamba siku ile niliyosikia mtu akipumua karibu na simu, alikuwa ni wewe.

Na kaka na dada wenye pua moja ni wake. Amewatunga mwenyewe. Mimi nikaandika kwamba mtungaji ana akili ya mtoto.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wewe huna hata adabu ya kuumbuliwa na kifo, umeniachia mimi kazi hiyo. Nimekuita bubu. Nimemshinda mtu asiye na sauti kwa kumdai azungumze. Ushindi wa namna hiyo ni wa kuokota njiani, na mimi siokoti vitu. Sema neno moja, nitamrudisha mtoto wiki hii. Andika, yaani.

Msahihishaji


2 Februari

Mzazi mwenzangu,

Hilo ndilo nililoliogopa: barua yako ya kwanza isiyo na dharau ya kutosha. Imenitia kichefuchefu.

Nikueleze mara moja. Binti yangu angejua, angevunja mkataba arudi kunipikia uji. Wewe ungejua, ungenihurumia, na tathmini iliyoandikwa kwa huruma haina maana. Ungeniachia mtoto kama mtu anavyomwachia kipofu kiti. Mimi nilitaka unidharau kwa haki, nikushinde kwa haki. Umenishinda. Mtoto harudi. Sikumtoa kwa sababu ya koo langu, sitamchukua kwa sababu ya koo langu. Yeye ana mpishi wa kutafuta.

Hapa tunaendelea. Filamu zinaonyeshwa kwa lugha zao, watu wanaketi dakika chache wanaondoka. Wengine wanapita chumba cha mashine kuniuliza, "Kipaza, yule msichana anarudi lini?" Nawaandikia: Sijui. Mwenye ukumbi ananitazama kama anavyotazama kiti kilichovunjika mguu, anapiga hesabu kama kitafaa kuni. Mwezi wa tano ataamua kama ukumbi ugeuke ghala la saruji. Saruji haina haja ya kusemewa.

Nyumba iko kimya. Sikuandikii hili unionee huruma. Nakuandikia kwa sababu mjukuu atakuuliza nikoje, nawe hujui kudanganya.

Usiniandikie tena kwa upole.

Kipaza


12 Februari

Mzazi mwenzangu,

Vizuri. Wewe ni mjinga mwenye kiburi, na mwandiko wako ni aibu kwa mtu aliyemaliza shule. Umefurahi?

Mtoto atabaki hapa kwa masomo. Likizo ya Aprili nitamleta mimi mwenyewe, atasema ukumbini siku zote atakazokuwepo. Nitafuatana naye, kwa sababu sitamwacha msichana kwenye ukumbi wenye watu wa namna yenu bila mtu wa kumwangalia. Nitakaa viti vya nyuma na sitafungua mdomo.

Msahihishaji


28 Aprili

Mzazi mwenzangu,

Mmeondoka jana. Hii ni tathmini yangu ya Malkia wa Milimani, filamu ya kihistoria, ikisemwa na mjukuu na kuvurugwa na wewe.

Ulisema hutafungua mdomo. Mtoto ndiyo kwanza amempandisha malkia kwenye farasi na kumfanya aapie jeshi lake, sauti ikatoka nyuma, kavu kama chaki: "Farasi! Enzi hizo nchi ile haikuwa na farasi hata mmoja!"

Watu wakageuka. Fundi viatu wa viti vya mbele akasema, "Mama, tunyamazie, tumekuja kutazama."

Nawe: "Basi tazama! Tazama mkono wake wa kushoto!"

Ukumbi mzima ukatazama. Nimeionyesha filamu ile miaka na miaka, sikuwahi kuiona: malkia amevaa saa. Kicheko kilichotoka pale kiliangusha benchi. Mimi huku chumba cha mashine napunga mikono, napiga ukuta kwa kiatu, nani anisikie? Nikajua tumekwisha. Lakini mtoto hakutetereka. Akasema kwenye kipaza sauti, kwa sauti ya malkia: "Bibi wa nyuma, saa hii nimeazimwa na mganga wangu."

"Mrudishie!" ukajibu. "Na huyo jemadari wako alikwisha kufa miaka thelathini kabla ya vita hivi. Mwambie akalale."

"Jemadari, umesikia? Kalale."

Na jemadari, kwa bahati ya ajabu, akaanguka kutoka kwenye ngazi.

Mzazi mwenzangu, fundi viatu alilia kwa kucheka. Jioni ya pili ukumbi ulijaa. Ya tatu walisimama ukutani, na wakamtoa mtu kwenye kiti cha nyuma ili upate pako. Walikuwa wanakungoja wewe. Mtoto akisema uongo mzuri, wote wanageuka kukutazama, kama watu wanaongoja pilipili ifike kooni.

Sasa hukumu. Huna sauti ya kazi hii. Unakohoa katikati ya maneno. Unatumia "kwa mujibu wa" mbele ya watu waliokuja kupumzika. Unaonyesha kidole gizani, ambako hakionekani. Hujui lini uache, na unaudharau mchezo mzima, na watazamaji wake, na mashine, na viti. Dharau hiyo ndiyo waliyoijia.

Mwenye ukumbi amesema saruji ingoje. Ameuliza kama mtakuja Agosti. Nimemwandikia kwamba wewe si mtu wa kuombwa.

Kipaza


6 Mei

Mzazi mwenzangu,

Tathmini yako imejaa chumvi. Benchi halikuangushwa na kicheko, lilikuwa limeoza. Na sikukohoa. Nilisafisha koo, jambo ambalo mtu mwenye kusema kweli hulazimika kulifanya mara kwa mara akiwa miongoni mwenu.

Mjukuu amempata mpishi wake. Yumo kwenye kitabu kidogo cha kumbukumbu za stesheni, rafu ya chini kabisa, kurasa tatu nzima. Hakulipiza kisasi kwa mtu yeyote. Alifungua mgahawa ng'ambo ya pili ya njia na kuwanyima chakula wakubwa wa reli mpaka walipozeeka. Amenisomea mara mbili. Amesema atakuandikia mwenyewe, na kwamba nisikudokeze. Nimekudokeza, kwa hiyo jifanye umeshangaa. Kujifanya unajua.

Mwenye ukumbi ameniletea orodha ya Agosti. Kwamba ameandika kwangu badala ya kwako ni utovu wa adabu, na nimemwambia. Kuna filamu ya mfalme anayejenga mnara mrefu kuliko milima na kuutazama mji wake akiwa juu. Nimekwisha kusoma habari zake zote zilizopo maktaba. Mnara ule haukujengwa kamwe. Mafundi walikula njama wakaondoka na mawe.

Tutafika tarehe tatu. Tandika kitanda cha mtoto kando ya dirisha, na mimi niwekee kiti chenye mgongo. Usijidanganye kwamba nakuja kwa ajili yako. Watu wa mtaa wako wako karibu kuuamini ule mnara, na lazima awepo mtu wa kuwaambia.

Msahihishaji